Kuhama kwa Feza Kidogo: Bahasha ya Siku ya Mwisho



Mwezi wa saba ukifika hapa Lubumbashi, barabara zetu hujaa vyombo vya nyumba. Huku pusupusu imebeba kitanda, meza na masufuria. Kule kamyoneti imeshindiliwa magodoro, na juu ya magodoro wamekaa watoto wakicheka. Masomo yamefungwa, mvua imekwisha, udongo ni mkavu: ndio wakati jamaa nyingi huhama. Wengine wamepata nyumba nzuri zaidi, na kwao kuhama ni shangwe. Lakini wengi wahama kwa kuwa kodi imepanda, ao kwa kuwa watoto wameongezeka na vyumba havikuongezeka, ao kwa kuwa mwenye nyumba ataka nyumba yake. Hao wahama na feza kidogo mno. Ni kwa ajili yao tunaandika leo.

Wala hatuandiki kama mafundi wa jambo hili. Twaandika kwa sababu sisi wenyewe tulihama vibaya, na kosa letu lilitaka kutuondolea watoto wetu. Mungu alituhurumia kwa mkono wa jirani. Basi si vema kuyafunga moyoni mambo yanayoweza kumwokoa mwingine.

Wazee wetu wengi hawakuijua taabu hii. Katika makambi ya Union Minière mfanyakazi alipewa nyumba na kampuni, na alipohamishwa kikazi kampuni ilimtafutia makao. Gécamines, iliyoshika mahali pake tangu 1967, iliendeleza desturi ile kwa miaka mingi. Kisha kazi ilipungua, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Leo wengi wetu twajitafutia nyumba wenyewe: twatembea lupango kwa lupango, twabishana na wenye nyumba, twalipa wenyewe, twabeba wenyewe. Baba zetu hawakutufundisha ufundi huo, maana hawakuuhitaji. Yafaa tufundishane.

HESABU YETU

Bwana wetu aliwapa watu mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara bila kuketi kwanza kuhesabu gharama, na namna majirani wanavyomcheka anaposhindwa katikati. Sisi tuliketi, tukahesabu. Tusikilizeni, mwone jinsi mtu anavyoweza kuhesabu vema na hata hivyo akaanguka.

Tulikuwa na dola 300. Tulizipata katika likelemba ya walimu: kila mwezi kila mmoja wetu alitoa sehemu yake, na mwezi ule zamu ilikuwa yetu. Nyumba tuliyoipata ilikuwa ya vyumba viwili, kodi yake dola 50 kwa mwezi. Tukaandika katika daftari: garanti ya miezi mitatu, 150, kodi ya mwezi wa kwanza, 50, komisioneri aliyetuonyesha nyumba, 50, kwani desturi yao ni kuomba kiasi cha mwezi mmoja. Hizo ni 250.

Chini yake tukaandika mambo madogo: kamyoneti ya kubeba vyombo, 25, kufuli mpya, 5, misumari na wavu wa dirisha, 5, chakula, maji na mishumaa ya siku ile, 10. Hizo ni 45. Jumla 295. Zilibaki dola tano, nasi tukamshukuru Mungu.

Tazameni vema hesabu hiyo. Zile 250 ni feza ya kuingia katika nyumba. Zile 45 ni feza ya kufika salama na kulala salama. Hazifiki sehemu moja ya sita ya jumla. Lakini zinalipwa lini? Zinalipwa mwisho, baada ya wengine wote kupokea sehemu yao. Mwenye nyumba hupokea wa kwanza, komisioneri hupokea wa pili, na watoto wetu hupokea masalio. Hapo ndipo hatari inapojificha, nasi hatukuiona.

SHERIA TUSIYOIJUA

Tulipofika kwa mwenye nyumba na feza mkononi, alituambia kwamba garanti si miezi mitatu tena bali minne, kwa kuwa kuna mtu mwingine anayeitaka nyumba. Komisioneri akatukonyeza, maana yake: lipeni upesi. Tulikuwa tumekwisha kumwambia mwenye nyumba wetu wa zamani kwamba twatoka. Vyombo vilikuwa vimefungwa. Tukaona haya kubishana mbele ya watu, tukatoa dola 50 zaidi. Hivyo 300 zote zikaisha palepale.

Kumbe iko sheria. Ni sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2015, inayoongoza upangaji wa nyumba katika nchi yetu. Inasema kwamba kwa nyumba ya kukaa, garanti isizidi miezi mitatu. Mwalimu mzima, tuliyewafundisha watoto wa watu uraia, hatukuijua. Tungaliijua, tungaliweza kusema kwa adabu: «Baba, sheria yasema miezi mitatu, nasi tunayo hapa.» Labda angalikubali. Labda angalikataa, nasi tungalijua mapema kwamba mtu anayeanza kwa kuvunja sheria hatatuacha kukaa kwa amani. Lakini tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kukala feza ya kamyoneti.

Tukumbuke pia kwamba garanti si zawadi. Ni feza yetu iliyowekwa mikononi mwa mwingine, na siku tunapotoka hurudishwa, isipokuwa tumeharibu kitu ao tumebakiza deni. Watu wengi huila pole pole kwa kutolipa kodi ya miezi ya mwisho. Basi siku ya kuhamia nyumba nyingine hawana la kuanzia. Afadhali kuiacha garanti yote, tuipokee nzima, ianze safari mpya pamoja nasi.

USIKU ULE

Sasa tuwasimulie matunda yake.

Bila feza ya kamyoneti tuliazima faranga kidogo, tukakodi pusupusu. Pusupusu haibebi kama gari. Tukaamua kusafirisha vyombo mara mbili: leo kitanda, meza, masufuria, babula na gunia la makala, kesho yaliyobaki. Kijana aliyesukuma alikuwa mwema, lakini njia ni ndefu, na kutoka Katuba hadi kule tulikokwenda jua lilikuwa limekwisha kutua. Tulipofungua mizigo, mama wa nyumba akatafuta mablanketi. Hayakuwamo. Yalikuwa katika mafurushi ya kesho.

Wasomaji wa mbali wanaodhani kwamba Kongo yote ni nchi ya joto, na wajue kwamba mji wetu uko juu kadiri ya mita 1,200, na usiku wa mwezi wa saba baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Umeme ulikuwa bado haujaunganishwa katika chumba. Watoto wetu ni watatu, na mdogo alikuwa na miaka miwili. Walikuwa wamekula bukari na dagaa uani, karibu na babula, na sasa walitetemeka. Dirisha halikuwa na kioo. Tulikuwa tumeliziba kwa katoni, na chini ya mlango tulikuwa tumeweka nguo, ili upepo usiingie.

Ndipo tukafanya jambo ambalo mababa wengi wamelifanya kwa kuwapenda watoto wao. Tukangoja makala yashike vizuri, mpaka moshi ukaisha na babula ikawa nyekundu kabisa. Tukasema: sasa haina moshi, haitaleta ubaya. Tukaishika kwa vitambaa, tukaanza kuiingiza chumbani.

Wakati ule ule mama mmoja mjane wa lupango la jirani alibisha hodi. Alikuwa amekuja kutusalimu na kutuletea bidoni ya maji, jinsi wakristu wa shirika lake wanavyowapokea wageni. Alipotuona na babula mlangoni, hakutusalimu tena. Akauliza: «Mwalimu, mwataka kulala ao mwataka kufa?»

Tukamwambia kwamba haina moshi. Akajibu: «Ile yenye moshi inakukohoza, unatoka nje. Hii isiyo na moshi inakulaza tu. Huku kwetu tumekwisha kuzika watu kwa ajili ya babula.» Akaichukua yeye mwenyewe, akairudisha uani, akamwagia maji. Kisha akaenda kwake, akarudi na mablanketi mawili. Watoto wakalala katikati, sisi wawili kandokando, nguo zote mwilini. Hatukulala sana. Lakini asubuhi tuliamka watano.

Mama yule hakusoma sana, lakini alisema kweli tupu. Makala yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Mtu akiivuta, yashikamana na damu yake mahali pa oksijeni, na mwili wakosa pumzi ingawa kifua chapanda na kushuka. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, na miguu kulegea. Aliye macho aweza kutambua na kutoka. Aliyelala haamki. Watoto wadogo hudhurika upesi. Wala si shauri kusema, tutaacha dirisha wazi kidogo. Hakuna ajuaye kidogo hicho chatosha ao hakitoshi. Babula ibaki nje, usiku wote, hata kama baridi inauma. Na mkimkuta mtu amezidiwa katika chumba chenye babula, mtoeni kwanza nje penye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali bila kukawia, hata akisema amepona.

BAHASHA YA SIKU YA MWISHO

Siku nyingi baadaye tuliketi tena na daftari lile. Tukajiuliza: kosa lilianzia wapi? Halikuanzia kwenye babula. Babula ilitoka kwa mablanketi yaliyobaki nyuma. Mablanketi yalibaki nyuma kwa sababu ya pusupusu. Pusupusu ilitoka kwa feza ya kamyoneti iliyoliwa. Na feza ile iliisha mbele ya mwenye nyumba, pale tuliponyamaza. Hatari ya usiku ilizaliwa mchana, juu ya meza, katika hesabu.

Basi fundisho letu ni moja, nalo ni jepesi. Feza ya siku ya mwisho itengwe siku ya kwanza. Kabla ya kwenda kuona nyumba yo yote, kabla ya kumwita komisioneri, tieni katika bahasha feza ya kubeba vyombo, ya kufuli, ya chakula na ya usiku wa kwanza. Mpeni mama wa nyumba aitunze. Kisha hesabuni yaliyobaki, na kwa hayo yaliyobaki tafuteni nyumba. Nyumba inayotaka kuila bahasha ile ni nyumba iliyozidi uwezo wenu, hata ikiwa na sima na mabati mapya. Iacheni. Mbele kuna nyingine.

Baba mwingine atasema: «Lakini nikipoteza nyumba nzuri kwa sababu ya dola 45?» Twamjibu: feza ile ni kidogo mbele ya mwenye nyumba, lakini ni nyingi sana saa mbili za usiku, njiani, na mtoto mgongoni.

MAHALI PA KUPUNGUZA

Kuwa na feza kidogo si dhambi wala si aibu, na yako mambo mengi yanayoweza kupunguzwa bila hatari.

Punguzeni mizigo. Kabla ya kuhama, fungueni kila sanduku. Kiti kilichovunjika tangu Pasaka ya mwaka juzi kitaliwa na mchwa huko kama hapa. Uzeni ao mpeni mwenye haja. Kila kitu kinachobaki chapunguza safari, na mzigo unaotosha gari moja ni nafuu kuliko mzigo unaotaka mbili.

Punguzeni ununuzi wa vifungio. Katoni waweza kuomba dukani. Sahani na vikombe vifungwe katika nguo na vitenge, maana nguo nazo lazima zihamishwe. Masufuria yapangwe moja ndani ya lingine.

Punguzeni kwa kuchagua siku. Katika majira ya kiangazi magodoro hayalowi na magari hayakwami. Likizo ya mwezi wa saba na wa nane yafaa kuliko miezi mingine, kwani mtoto hakatizwi masomo. Ombeni buletini zake mapema katika shule ya zamani, msije mkarudi njia ile yote kwa karatasi moja. Tena ondokeni alfajiri, si mchana. Anayeondoka alfajiri hupata muda wa kurekebisha jambo kabla ya giza.

Punguzeni kwa kusaidiana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wa shirika lenu la zamani na watu wa shirika mnakokwenda, wajulisheni. Vijana wanne wa parokia kwa saa mbili, na sahani ya bukari baadaye, wanafanya kazi kubwa kuliko wapakiaji wa kulipwa wasiojua vyombo vyenu. Nasi tukumbuke kulipa deni hilo siku wao wanapohama.

MAHALI PASIPOPUNGUZWA

Lakini yako mahali manne ambapo maskini hana ruhusa ya kubana feza, kwa sababu hapo rahisi yageuka kuwa ghali.

La kwanza ni karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msimpe komisioneri garanti. Mpeni mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili, mmoja wenu, mmoja wake. Kabla ya kulipa, waulizeni majirani wa kuume na wa kushoto: lupango hili ni la nani? Nendeni pia kwa mkuu wa mtaa mkaulize lilo hilo. Maana mtu mwenye ulimi mtamu aweza kuipangisha nyumba isiyo yake, ao kuipangisha nyumba moja kwa jamaa mbili. Mkataba uandikwe mara mbili, kila upande ubaki na wake, na ndani yake muandikwe kodi, garanti, tarehe, na hali ya nyumba: mlango upi umevunjika, kioo kipi hakipo. Ombeni kuona fakiture za mwisho za maji na umeme, ili deni la aliyetoka lisiwe mzigo wa anayeingia.

La pili ni mahali penyewe. Nyumba ya bei ndogo mara nyingi ina sababu ya udogo wake. Katika kiangazi kila lupango laonekana zuri. Mvua ya mwezi wa kumi na mbili ndiyo inayosema kweli. Angalieni kuta: maji yakiingia huacha alama, nayo rangi mpya haifiki daima chini kabisa. Waulizeni watoto wa jirani, maana hao hawasemi uongo: maji ya mvua hupita wapi? Chunguzeni nyaya za umeme. Waya uliofungwa kwa kitambaa ao kwa plastiki, na waya mmoja unaolisha nyumba tatu, huo ni moto unaongoja siku yake. Mwenye nyumba asipokubali kuutengeneza kabla hamjaingia, hatautengeneza baadaye.

La tatu ni maji. Katika mitaa ya pembeni ya mji wetu watu wengi hunywa ya kisima. Tazameni kisima na choo: wafundishao usafi hushauri kati yao kuwe na mita 30, na kisima kiwe upande wa juu. Palipo karibu mno, maji yachemshwe ao yatiwe dawa ya klori, hasa wakati wa kipindupindu. Makala ya kuchemshia maji ni gharama ya nyumba ile. Ongezeni katika hesabu ya kodi kabla ya kusema kwamba ni rahisi.

La nne ni miili yetu. Watoto wasipande juu ya mizigo. Tunawaona wakicheka, lakini kamba ikikatika ao gari likipita katika shimo, godoro halimshiki mtoto. Jamaa isafiri kwa basi ao kwa miguu, mtu mmoja tu akae mbele pamoja na mwenye gari ili kulinda vyombo. Mama mwenye mimba asinyanyue kabati. Mafuta ya taa, petroli na chupa za dawa visafiri mbali na chakula, visishikwe na mtoto. Na yule kijana wa pusupusu naye ni mwana wa mtu: tusimpakie mzigo usiowezekana kwa sababu tu amekubali. Amekubali kwa kuwa ana njaa.

FURUSHI LA KWANZA

Twaongeza jambo moja dogo tulilolijifunza kwa uchungu. Fungeni furushi moja mbali na mengine yote, nalo liwe la kwanza kuingia na la kwanza kufunguliwa. Ndani yake mtieni mablanketi yote ya nyumba, chandarua, maji ya kunywa, mshumaa na kiberiti, tochi, dawa za mgonjwa kama yuko, nguo za mtoto mchanga, na chakula kisichohitaji moto. Karatasi za thamani, yaani mkataba, buletini za watoto, kadi ya ubatizo na ya ndoa, zisitiwe katika furushi lo lote. Mama azibebe mwilini mwake.

Mkifika, kwanza kitanda cha watoto na chandarua, halafu mlango na kufuli, halafu maji. Meza na kabati zaweza kungoja hata juma zima. Wala msione haya kuwaita majirani usiku ule ule wa kwanza. Jirani asiyekujua hawezi kukusikia.

Nanyi wanafunzi, ninyi mwaweza kusaidia kuliko mnavyodhani. Baba na mama wakiketi kuhesabu, letani kalamu na mwandike nao. Ninyi mwajua kujumlisha; wao wajua bei. Someni mkataba kwa sauti kama mzazi hajui kusoma, tena pole pole, wala msiruke neno. Na mkiona babula yaingizwa ndani ya chumba cha kulala, semeni kwa heshima, lakini semeni. Mtoto anayemwonya baba yake katika jambo la uhai havunji amri ya nne, aitimiza.

MWISHO

Twaijua habari ya Jamaa Takatifu, jinsi ilivyohama usiku kwenda Misri. Yosefu alikuwa seremala. Bila shaka alikuwa na msumeno, randa, na meza aliyoitengeneza kwa mikono yake. Maandiko hayatuambii alibeba nini katika vitu hivyo. Yatuambia tu kwamba alimchukua mtoto na mama yake. Huo ndio utaratibu wa kuhama: kwanza walio hai.

Sisi tungali katika nyumba ile. Garanti ya mwezi wa nne hatukurudishiwa, nasi hatukuacha kuidai kwa upole. Padri wa parokia alikuja kuibariki nyumba, na mama yule mjane tulimkalisha kiti cha mbele. Mablanketi yake mawili tulikuwa tumekwisha kumrudishia, yamefuliwa na kukunjwa. Na katika sanduku letu, chini ya kadi za ubatizo, mama wa nyumba ameweka bahasha. Juu yake ameandika: «Siku ya mwisho.» Kila mwezi twatia humo faranga kidogo, ijapokuwa hatuna shauri la kuhama.